Kichwa kwa Unga wa Shayiri

Njooni huku nyuma ya jiwe upepo usitupate, mnisikilize wanangu, wewe Tova zaidi, maana Ketil bado mdogo na itabidi umsimulie tena akikua, na wewe wifi yangu Asrith kaa hapo hapo uwe shahidi, kwa sababu nikishavuka hiki kijito na pembe ikalia pale kwenye lango la Bibi Aldgith, sitakuwa tena mtu wa kuacha wosia. Mtumwa haachi wosia. Hana cha kuacha, na hata watoto wake si wake wa kuwaachia kitu. Kwa hiyo nausema sasa, nikiwa bado mtu huru, binti wa Padri Leofing, mjane wa Arnketil wa Hesleby, na mnisamehe nikisema mbio mbio, naogopa, na nikinyamaza hata kidogo nitaogopa zaidi.

Usilie, Tova. Ukilia wewe, Ketil naye ataanza.

Leo naenda kuinamisha kichwa. Mmesikia watu wakilisema neno hilo majira haya yote ya baridi, sasa mjue maana yake. Nitapiga magoti uani mbele ya mashahidi, Bibi ataweka mikono yake huku na huku kichwani mwangu kama mtu anayeepua chungu motoni, atasema maneno yake, nitapewa mundu nishike, na nikisimama nitakuwa wake, mimi na kazi yangu na usingizi wangu, mpaka nife. Naye atatoa gunia la unga wa shayiri na kipande cha nyama ya chumvi, na shangazi yenu atavipokea pale langoni. Gunia hilo ndilo litakalowafikisha kwa Waskoti, kwa shangazi yangu Wulfrun aliyeolewa na mhunzi. Bila gunia hilo hamfiki. Mmeona wenyewe waliojaribu, wako kando ya njia mpaka leo, hakuna hata wa kuwafukia.

Sasa shikeni jambo hili kuliko yote nitakayosema. Kila kilicho juu ya mtu anapoinama, kinainama naye. Nguo zake, kisu chake, na mtoto anayemshika. Wifi, wewe ulikuwepo siku ile ya mjane wa Dolfin. Alimwacha mwanawe kwa jirani, mtoto wa umri wa Ketil hivi, akapiga magoti, kichwa kikawa tayari mikononi, na yule mtoto akachomoka, akapita katikati ya miguu ya watu, "Mama! Mama!", akamkumbatia shingoni. Mnyapara wa Bibi akasema neno moja tu, "Wawili." Watu wakapiga kelele, mzee mmoja akamwambia, "We bwana, huyo mtoto amekuja kumkumbatia mama yake, hakuja kwako!" Mnyapara akajibu, "Kaja, hakuja?" Bibi mwenyewe alitokwa na machozi, nimeyaona, si mwanamke mbaya yule, lakini mashahidi walikuwa wameshaona, na yeye anawaogopa mashahidi wake kuliko anavyomwogopa Mungu. Mtoto akabaki. Watoto wake watabaki. Na kwa kuwa ardhi ya Bibi iko mikononi mwake kwa hisani ya Mfalme tu, siku Mfalme akiamua kumpa Mfaransa, yule mtoto atahesabiwa pamoja na ng'ombe na kuuzwa atakakotaka huyo mpya.

Kwa hiyo Tova, wewe utabaki hapa hapa, upande huu wa kijito, kwenye jiwe la mpaka, na utamshika Ketil. Hiyo ndiyo kazi yako. Nitairudia mwishoni.

Mtauliza, tulifikaje hapa. Ketil atauliza. Huko ugenini watu watawapa majibu yao, na mengi ni ya uongo, ndiyo maana nataka mlichukue la kwangu.

Mfalme alitoka ng'ambo ya bahari na Wafaransa wake, akapigana kusini, akashinda, na sisi huku kaskazini tukasema haya, wafalme huja na kwenda, tutalipa kodi kama kawaida. Kisha watu wake wakaja mjini, wakavunja nyumba za watu, wakajaza udongo mpaka ukawa kilima, juu yake wakajenga ngome ya mbao, na kutoka pale juu wakawa wanatuchungulia mpaka ndani ya vyungu. Watu wakainuka. Wakamchoma mkubwa wa hao Wafaransa ndani ya nyumba aliyolala. Mfalme akaja upesi, hata habari zake hazikuwahi kumtangulia, akaua, akachoma, akajenga kilima cha pili, akawaapisha wakubwa wetu, wakaapa. Baba yenu alicheka siku ile. Alisema, "Mke wangu, kiapo cha mtu aliyekabwa koo ni kikohozi tu."

Halafu kiangazi meli za Wadeni, wale mabaharia wa mashariki waliokuja kumpiga Mfalme pamoja nasi, zikaingia mtoni, nyingi, na watu wakaimba barabarani kama harusi. Baba yenu alichukua shoka akaenda na mdogo wake Gamel, na ngome zote mbili zikaanguka, naye akarudi nyumbani na kofia ya chuma ya Mfaransa, anatembea nayo kijijini kifua mbele. Mimi nikaichukua nikaipikia uji. Akanifokea, "Mwanamke, hiyo ni ya vita!" Nikamwambia, "Na huo ni uji wa mwanao, kula unyamaze." Tulikuwa na furaha. Nataka mjue hilo pia, kwamba nyumba ile ilikuwa na kicheko.

Tulimngojea Mfalme aje apigane. Hakupigana. Wadeni aliwapa fedha, wakakaa melini mwao wakinywa, wakituangalia tu. Na wanaume wetu waliokuwa msituni na milimani hakuwatafuta hata kidogo. Alikitafuta chakula chao. Hicho ndicho wazee wetu hawakukijua, kwa sababu hakuna mfalme aliyewahi kufanya hivyo tangu dunia iwepo. Mfalme hupigana kiangazi, baridi ikianza anarudi nyumbani. Huyu alipanda milima theluji ikiwa magotini, akawagawa watu wake vikundi vikundi, wakaenea kama maji yaliyomwagika mezani, kijiji kwa kijiji, na walipofika hawakuuliza nani mwasi. Waliuliza ghala liko wapi.

Sasa nakuja kwa babu yenu, na hapa sikilizeni vizuri, kwa sababu hili ni deni la maneno mtakalodaiwa popote mtakapokutana na mtu wa Hesleby. Watawaita wajukuu wa mpumbavu. Watasema Padri Leofing ndiye aliyewakusanyia Wafaransa kuni. Ni kweli alisema tuingize kila kitu kanisani. Plau zote, mbegu yote ya shayiri, reki, nira za maksai, hata mundu. Lakini nani alipinga? Kwetu, amani ya kanisa haivunjwi. Watu wa koo zilizokuwa zikiuana kizazi baada ya kizazi walikuwa wakifika mlangoni pale wanaweka visu chini na kusaidiana kubeba. Plau iliyolala chini ya msalaba haiguswi hata na adui. Kwa hiyo kila mtu alibeba ya kwake, na yule Sweting anayemtukana babu yenu kuliko wote alibeba mbili, nikamshikia mlango. Tulihema tukawekana mikono mabegani, tukasema sasa waje.

Wakaja. Na yule mkubwa wao alikuwa kijana, mpole, anajua maneno machache ya kwetu. Baba yangu alisimama mlangoni amenyoosha mikono. Yule kijana akavua kofia, akasema, "Baba, pisha kidogo." Baba akakataa. Basi akamnyanyua kwapani kama mtu anavyomnyanyua mtoto aliyesimama kwenye njia ya mkokoteni, akamweka pembeni polepole, akamtengenezea joho lisichafuke, kisha akawapa ishara watu wake wachome. Hakukasirika, wanangu. Ndicho kinachonitisha mpaka leo. Angekasirika ningesema hasira zake zitaisha. Vyote vilikuwa mahali pamoja. Tungevitawanya, wangehangaika kutwa, wangesahau kimoja nyuma ya zizi, kingine shimoni, na leo tungekuwa tunalima. Babu yenu hakusema neno tena baada ya siku ile. Alikaa akiangalia mikono yake mpaka akafa.

Basi mtu akiwatukana msijibu. Kuleni, tembeeni. Lakini nyie wawili mjue kwamba hakuwa mpumbavu, alimwamini adui kuwa binadamu kama sisi. Na mjifunze hili: hata mkipata punje kumi, msiziweke mfuko mmoja.

Ngoja nipumue.

La pili ni moshi. Tova, unajua kwa nini siwaruhusu kuukimbilia moshi, hukuwahi kuniuliza na mimi sikutaka kukuambia. Walipomaliza kuchoma walikuwa wanaacha nyumba moja. Katika kila kijiji, moja, nzima, na paa lake, na moto wanawasha wao wenyewe mekoni, kisha wanakaa ndani kimya na farasi wamewaficha. Mtu aliye msituni ana baridi, ana njaa, anaona moshi kwao, atafanya nini? Hesleby waliacha ya kwetu. Mimi na nyie tulikuwa kinamasini na shangazi yenu, mmejifunika magome ya miti. Baba yenu aliuona moshi ule kutoka juu mlimani, akamwambia Gamel, "Mke wangu amerudi, anapika." Gamel alimwambia ngoja tuchunguze. Hakungoja. Alishuka akiimba, Gamel ndiye aliyenieleza, alishuka akiimba ili nijue ni yeye, nisiogope.

Kwa hiyo njiani mkiona moshi, zungukeni. Hata kama ni mvua, hata kama Ketil midomo imekuwa ya bluu. Unga mtaukoroga na maji baridi mtakula hivyo hivyo. Na wenyewe msiwashe moto mpaka mfike kwa nyanya Wulfrun na mmwone kwa macho.

La tatu, baba yenu mdogo. Alikuja juzi, amekonda, ndevu zimejaa, anawatazama nyie kama mfugaji anavyotazama ndama. Akaniambia, "Shemeji, kiangazi tunainuka tena. Wadeni wanarudi." Nikamwambia, "Mnainuka na nini, shemeji? Na meno?" Akasema, "Afadhali meno kuliko kwenda kuinama kwa mwanamke aliyelamba kiatu cha Mfalme ili aachiwe ghala lake." Nikamwambia, "Alilamba, ndiyo, na sasa ana shayiri. Wewe hukulamba. Una nini cha kumpa huyu mtoto? Nipe, naenda kukaa, siinami." Kisha akataka Ketil. Atamlea msituni, alisema, amfundishe shoka, amlipizie baba yake. Ana miaka miwili, wanangu! Nilimshika Ketil mpaka akapiga kelele.

Huenda mkakutana naye. Wifi, ni ndugu yako, najua, na unampenda. Mpe unga kidogo, mkumbatie, mwache aende. Msimchukie. Lakini msimfuate. Kila walipoinuka, Mfalme alijifunza jambo jipya, mara ya kwanza alijifunza kuja haraka, mara ya pili akajifunza kuchoma mbegu, na mimi sitaki kujua atajifunza nini mara ya tatu. Ketil akishakuwa mtu mzima ataamua mwenyewe, siwezi kumfunga kutoka huko nitakakokuwa. Ila Tova mwambie kwamba mama alisema, kabla hujainuka, angalia kwanza nani atakayekaa na njaa nyuma yako.

Mali sasa. Mali yenyewe hii hapa, msicheke. Ile kofia ya chuma, leo hii mkiondoka mtaitupa kinamasini, itumbukizeni kabisa, mpanda farasi akiikuta kwenye mzigo wenu hatauliza mmeipikia nini. Joho la babu ni lako wifi, mgongo wako ndio utakaobeba gunia. Na huu mundu wangu, Tova, ni wako. Nilikuwa nao kinamasini ndiyo maana haukuungua. Huko ndani nitapewa mwingine, ule ni wa Bibi, nitaushika kwa kuwa ni wake. Huu haujashikwa na mtumwa hata siku moja. Uutumie kwenye shamba lako.

Na kuna mrithi mwingine.

Wifi, usiniangalie hivyo. Ndiyo. Tangu kabla ya Krismasi, Arnketil alipokuja mara ile ya mwisho na theluji kwenye nywele. Nilifunga nguo kwa ndani ili mnyapara asione, kwa sababu mwenye mimba hupewa nusu gunia, wanasema hatafanya kazi ya mavuno. Nilifikiri ningengoja nijifungue kwanza, nimwache naye upande huu wa kijito, nikawaza, nikawaza, lakini tukingoja mpaka hapo hakutakuwa na mtu wa kumwacha wala wa kumwachia. Hawa wawili wako nje, naweza kuwaambia simameni hapo. Huyu nitamwambiaje asimame? Nitainama naye. Nimemwomba msamaha njia nzima.

Jina lake mimi nalitoa leo, angali huru kwa muda wa maneno haya. Akiwa wa kiume ni Leofing kama babu, na watukanao watukane. Akiwa wa kike ni Leofa. Bibi atampa jina lake la uani, wanawapa kama wanavyowapa mbwa. Lakini jina lake ni hilo. Tova, siku utakapokuwa mtu mzima, una nyumba, una mume asiye mjinga, njoo hapa kwenye jiwe. Usivuke. Simama uliite jina hilo kwa sauti, mara nyingi, mpaka mtu ageuke. Bibi ana haki ya kumwacha mtu huru mbele ya altare akitaka, wazee wakikaribia kufa wanafanya hivyo, wanaogopa hukumu. Mje mumwombe. Nitakuwa nimemwambia mtoto kwamba kuna watu wa kwake ng'ambo ya kijito. Kila siku nitamwambia.

Hiyo ni pembe?

Hapana. Ni ng'ombe. Mungu wangu, wana ng'ombe.

Haya. Wifi, ukipokea gunia usilifungue pale langoni, watu wana njaa. Rudi moja kwa moja hapa, mpite njia ya kinamasi, si barabara... si barabara, na kule... ona kule, upande wa kinu. Mnauona? Asubuhi haukuwepo. Moshi. Inaweza kuwa mtu tu anajipashia. Usinijibu, najua inaweza kuwa mtu tu. Pandeni juu kwa juu, mzunguke kinu chote, hata kama ni siku nzima zaidi.

Nishike mkono, wifi. Sijala tangu... haidhuru. Hiyo nayo ni pembe, safari hii ni yenyewe.

Lete mkono, Tova. Huu ni mshipi wangu, niliufuma mwenyewe nikiwa msichana. Nazungusha kwako, nazungusha kwa Ketil. Unabana? Ubane. Atakuuma, atakukwaruza, ana nguvu kama baba yake. Mkalishe mgongo wake kwenye jiwe, asione uani. Mwimbie. Na mimi, mwanangu, nikifika pale katikati huenda nikageuka. Huenda nikaita. Sijiamini. Nikikuita kwa jina lako, Tova, hata nikikuita kwa kulia, usije. Anayeita pale ni woga wangu, si mama yako. Mama yako ni huyu anayekuambia usije.

Mungu awafunike kuliko paa. Awape mkate wa mikono yenu wenyewe, awape majirani wasioulizia mlikotoka, awafikishe. Ketil, nipe shavu. Tosha. Tosha, niachie nguo... Tova, vidole vyake, mbandue vidole. Kimoja kimoja. Taratibu, usimuumize.

Sasa kaza fundo.